Paipu ya hewa: kifaa kidogo kinachoamua kama greda litamaliza barabara

Greda likikwama kabla ya kumaliza barabara ya wadi, swali la kwanza la wakazi huwa la mafuta: yamekwisha, au yamekwenda wapi? Mara nyingi swali hilo lina haki yake. Lakini upo upungufu mwingine ambao hausemwi sana katika mikutano ya umma, nao hauhusu mafuta bali hewa. Paipu moja ya mpira iliyopasuka chini ya boneti, yenye ufa usiozidi urefu wa ukucha, inaweza kuharibu injini nzima ya greda, tingatinga, ekskaveta au lori la tipa. Injini hiyo ikiharibika, barabara hubaki na matuta, silanga la maji hubaki nusu, na fedha zilizotengewa kazi huenda kwenye gereji.

Makala haya yanaeleza paipu hiyo inafanya nini, kwa nini huharibika haraka katika maeneo yenye vumbi kama Taita Taveta, namna ya kuchagua nyingine ya kuibadilisha, na kwa nini ununuzi wa kifaa kidogo namna hii hufuata sheria. Yanawahusu wakazi wote wanaolipa ushuru, na pia wenye malori ya kubeba mawe na mchanga, vikundi vya wachimbaji wanaokodi mitambo, na vijana mafundi.

Injini hunywa hewa kuliko mafuta

Watu wengi huona injini ya dizeli kama kitu kinachotumia mafuta tu. Kwa kweli, kinachoingia kwa wingi zaidi ni hewa. Ili kuchoma lita moja ya dizeli vizuri wakati wa kazi nzito, injini huhitaji zaidi ya lita 13,000 za hewa, sawa na mapipa 65 ya lita 200. Greda linalotumia lita 15 za dizeli kwa saa, likifanya kazi saa 8, litakuwa limevuta zaidi ya lita milioni 1.5 za hewa. Ni kama kujaza na kumaliza matangi 150 ya lita 10,000 kwa siku moja.

Hewa yote hiyo hupita njia moja. Huingia kupitia kofia iliyo juu ya boneti, ambayo huzuia mvua na kutupa nje vumbi kubwa. Kisha hupita kwenye kichujio, ambacho mafundi wengi hukiita eya klina. Katika mitambo mizito, kichujio huwa na sehemu mbili: cha nje kinachofanya kazi kubwa, na cha ndani kinachokuwa akiba endapo cha nje kitatoboka. Kutoka hapo hewa safi huingia kwenye paipu inayoipeleka hadi turbo, yaani feni ya kasi inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukuma hewa kwa nguvu. Hewa ikitoka kwenye turbo huwa ya moto, hivyo paipu nyingine huipeleka kwenye rejeta ya kupozea hewa, na paipu ya mwisho huifikisha ndani ya injini.

Kwa hiyo hakuna paipu moja tu. Zipo za aina mbili kwa kazi. Za kwanza, kati ya kichujio na turbo, huvuta. Za pili, baada ya turbo, husukumwa kwa presha. Tofauti hii ndiyo msingi wa mengine yote, kwa sababu aina moja ikipasuka injini huliwa na vumbi, na ya pili ikipasuka injini hukosa nguvu.

Vumbi la Tsavo na ukuta wa silinda

Kila anayeijua Tsavo anajua kwamba ndovu wake ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojirushia. Udongo huohuo ndio hupanda angani greda linapokwangua barabara za Kasigau, Maktau au Kishushe wakati wa kiangazi, na ndio hufuata lori la pili linapolifuata la kwanza kutoka machimboni.

Vumbi linaloonekana kwa macho si baya zaidi. Chembe kubwa hutupwa na kofia au hunaswa na kichujio. Chembe hatari ni zile ndogo, za kati ya maikroni 5 na 20. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita; unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70. Ndani ya injini, pistoni na ringi zake huteleza kwenye ukuta wa silinda juu ya utando wa oili wenye unene wa maikroni chache tu. Chembe ya mchanga iliyo nene kuliko utando huo hugusa chuma pande zote mbili na kukikwaruza kama msasa. Mchanga mwingi una kwatzi, jiwe lililo gumu kuliko chuma kinachotengenezewa silinda.

Kichujio kizuri hunasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi linalokifikia. Lakini paipu iliyo baada ya kichujio ikiwa na ufa, hewa huingia kupitia ufa huo bila kuchujwa hata kidogo. Kwa kuwa paipu hiyo huvuta, haitoi mlio wala haivuji kitu nje. Mwendeshaji haoni lolote. Mtambo hufanya kazi kama kawaida, huku silinda zikisagwa ndani. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huiogopa nyufa ya upande wa kuvuta kuliko ya upande wa presha: ya presha hupiga kelele, ya kuvuta hunyamaza.

Dalili hujitokeza baadaye. Oili hupungua kabla ya muda wake. Moshi wa bluu hutoka. Injini huwa nzito kuwaka asubuhi kwa sababu mgandamizo umepungua. Hewa hupumua kwa nguvu kupitia kifuniko cha kujazia oili. Zikifika hapo, kubadilisha paipu peke yake hakutoshi tena. Injini inahitaji kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa. Bei ya paipu huhesabiwa kwa maelfu ya shilingi. Bei ya ukarabati mkubwa wa injini ya mtambo mzito huhesabiwa kwa mamia ya maelfu hadi mamilioni, bila kuhesabu wiki ambazo mtambo hukaa bila kazi.

Upande wa presha: moshi mweusi na mafuta ya bure

Paipu zilizo baada ya turbo hazivuti vumbi wakati mtambo unafanya kazi, kwa sababu presha iko ndani. Zikipasuka au klipu zikilegea, hewa hutoka nje. Injini hubaki na mafuta mengi na hewa kidogo, hivyo mafuta hayachomeki yote. Matokeo yake huonekana na kila mtu: moshi mweusi, mtambo kupoteza nguvu mlimani, na mlio kama filimbi unaopanda kadiri mwendeshaji anavyokanyaga mafuta.

Katika kaunti yenye milima tatizo hili huongezeka. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za kupanda. Mtambo unaotoka Voi kwenda Wundanyi hupanda mamia ya mita, kwa hiyo unapofika juu turbo tayari inafanya kazi ya ziada kufidia hewa nyepesi. Paipu inayovuja kidogo tambarare bila mtu kugundua itaonekana wazi kwenye mapinda ya kupanda milima ya Taita.

Moshi mweusi si hasara ya mafuta tu. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta kwanza ni mwendeshaji, vibarua wanaotembea nyuma ya rola, na wakazi wa nyumba zilizo kando ya barabara.

Kwa nini paipu hizi huchoka

Injini ya mtambo mzito hukaa juu ya mipira na hutikisika muda wote, hasa inapokuwa ikiwaka na kuzimwa. Kichujio na rejeta vimefungwa kwenye fremu na havitikisiki kwa namna hiyo. Paipu ndiyo inayounganisha pande hizi mbili, kwa hiyo hupindwa na kunyooshwa maelfu ya mara kwa siku. Baadhi ya paipu huwa na nundu katikati, iliyotengenezwa makusudi ili kumeza mtikisiko huo.

Juu ya mtikisiko kuna joto. Hewa inayotoka kwenye turbo inaweza kupita nyuzijoto 150, zaidi ya joto la maji yanayochemka. Kuna mvuke wa oili unaotoka kwenye injini na kulainisha mpira kutoka ndani. Kuna jua na hewa ya nje vinavyokausha mpira hadi ukapata mistari midogo kama ya ngozi iliyopauka. Na kuna mawe yanayorushwa, matawi yanayokwaruza, na paipu kugusana na chuma kilicho jirani hadi ikachimbika.

Sababu nyingine hutoka kwa watu. Klipu hukazwa kupita kiasi hadi ikaikata paipu. Paipu hufungwa ikiwa imepinda kwa sababu ni fupi. Fundi husimama juu yake akifikia sehemu nyingine. Yote haya hupunguza maisha ya kifaa ambacho kingedumu kwa miaka.

Mpira, silikoni au chuma?

Anayetaka kununua paipu ya kubadilisha atakutana na aina kadhaa, na muuzaji atasema zote ni nzuri. Hakuna iliyo bora kila mahali. Kila moja ina mahali pake.

Mpira wa kawaida ni wa bei nafuu na hupindika vizuri, lakini hauvumilii joto kubwa wala oili. Unafaa zaidi upande wa kuvuta, ambako hewa ni baridi. Mpira wa EPDM, ambao ni wa kutengenezwa kiwandani, huvumilia jua na joto kuliko mpira wa kawaida, ila huvimba ukikaa na oili. Mpira wa naitraili huvumilia oili, lakini hukauka haraka ukiachwa juani.

Silikoni huvumilia joto kubwa na ndiyo hutumiwa sana kati ya turbo na rejeta. Paipu nzuri ya silikoni si silikoni tupu. Huwa na tabaka kadhaa za kitambaa imara ndani ya ukuta wake ili isivimbe kwa presha. Udhaifu wake ni kwamba oili hupenya silikoni ya kawaida polepole na kuilainisha. Kwa turbo inayopitisha mvuke mwingi wa oili, hutafutwa ile iliyowekwa utando maalumu wa ndani unaozuia oili.

Chuma au aluminiamu hutumiwa kwenye sehemu ndefu zilizonyooka. Havipasuki kwa urahisi, lakini haviwezi kumeza mtikisiko, kwa hiyo huunganishwa na vipande vifupi vya mpira au silikoni kwenye ncha. Chuma kikiingia kutu ndani, vipande vya kutu huelekea moja kwa moja kwenye turbo. Ndiyo maana paipu ya chuma iliyochomelewa mtaani lazima isafishwe ndani na kuondolewa kila tone la ulehemu kabla ya kufungwa.

Kuna jambo moja zaidi upande wa kuvuta. Kichujio kikijaa vumbi, injini huvuta kwa nguvu zaidi, na paipu laini inaweza kujikunja kwa ndani kama mrija wa soda unaonyonywa ukiwa umezibwa. Paipu za upande huo huhitaji ukuta mnene au waya uliozungushwa ndani ya ukuta. Kununua paipu laini kwa sababu inapindika kwa urahisi ni kosa la kawaida.

Vipimo saba kabla ya kwenda dukani

Paipu isiyotosha vizuri ni sawa na paipu iliyopasuka. Anayekwenda kununua, awe fundi wa karakana ya kaunti au mwenye lori moja, huhitaji kuwa na mambo saba kwenye karatasi.

La kwanza ni namba ya kifaa, ambayo hupatikana kwenye kitabu cha vipuri cha mtambo au wakati mwingine huwa imepigwa kwenye paipu yenyewe. La pili ni namba ya usajili wa kiwandani ya mtambo na ya injini, kwa kuwa mitambo ya jina moja hubadilishwa miaka ikienda. La tatu ni kipenyo cha ndani cha kila ncha, kikipimwa kwa milimita. Ncha mbili za paipu moja zinaweza kuwa na vipenyo tofauti, na tofauti ya milimita 3 hutosha kuleta uvujaji au kufanya paipu isiingie. La nne ni urefu, ukipimwa kwa kufuata katikati ya paipu, si mgongo wake. La tano ni pembe ya kona: nyuzi 45, 90 au nyingine. La sita ni mahali inapokaa, kabla au baada ya turbo, maana hapo ndipo joto na presha hujulikana. La saba ni aina na ukubwa wa klipu.

Klipu si jambo la kudharau. Ile ya kawaida yenye skrubu na matundu inafaa sehemu zisizo na presha kubwa, lakini matundu yake huweza kukata silikoni iliyo laini. Sehemu za presha huhitaji klipu pana yenye boliti, na nyingine huwa na springi inayoendelea kukaza paipu inapopoa na kunywea. Mara nyingi paipu mpya hulaumiwa bure. Iliyorudishwa na kutu ni klipu ya zamani.

Kuibadilisha bila kuharibu zaidi

Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, lakini hatua zake zikirukwa hugharimu injini. Mtambo huzimwa na kuachwa upoe, kwa sababu turbo huchoma. Eneo lote huoshwa au kupanguswa kabla ya klipu yoyote kufunguliwa, la sivyo vumbi lililokaa juu litaangukia ndani. Paipu ikitoka, mdomo wa turbo huzibwa kwa kifuniko kisafi. Kitambaa kilichosahauliwa ndani kitaharibu feni ya turbo mara injini itakapowashwa, kwa hiyo vitambaa huhesabiwa kabla na baada ya kazi.

Kabla ya kuweka mpya, fundi huingiza tochi na kuangalia ndani ya sehemu iliyo baada ya kichujio. Ndani hapo panatakiwa kuwa safi. Mstari wa vumbi ndani ya paipu ni ushahidi kwamba vumbi limekuwa likipita, na mstari huo huanzia pale penye ufa au klipu iliyolegea. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kugundua tatizo, na haihitaji mashine wala ada ya mtaalamu.

Ncha za chuma husuguliwa zikawa safi na kavu. Grisi na oili havitumiwi kurahisisha kuingiza. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha, nayo hukauka. Klipu huwekwa nyuma ya ukingo uliotuna wa ncha ya chuma, si juu yake. Hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, na huangaliwa tena baada ya siku chache za kazi kwa sababu mpira mpya hukaa na kulegea kidogo.

Kutafuta uvujaji upande wa presha, povu la sabuni hupakwa kwenye viungo na hewa ya presha ndogo kuingizwa injini ikiwa imezimwa. Mapovu huonyesha palipo na tundu. Baadhi ya watu hunyunyiza petroli au dawa ya kuwashia injini karibu na paipu ili kusikia kama mlio utabadilika. Desturi hiyo ni ya hatari: inaweza kuleta moto, na injini ya dizeli ikivuta mvuke unaowaka inaweza kuongeza kasi peke yake na kukataa kuzimika.

Kwa mitambo mingi, kampuni na karakana hupima pia oili iliyotumika katika maabara. Kiwango cha silikoni asilia, yaani madini yaliyo ndani ya mchanga, kikipanda pamoja na chuma, huwa ni onyo kwamba vumbi linaingia. Fundi huwaeleza wapimaji kama paipu mpya ya silikoni imefungwa karibuni, kwa sababu nayo inaweza kupandisha kipimo hicho kwa muda bila injini kuwa na tatizo.

Sheria ya ununuzi na kipuri kidogo

Wakazi huuliza kwa nini greda lisubiri paipu ambayo mwenye lori angenunua siku hiyohiyo. Jibu ni kwamba fedha za kaunti ni za umma. Kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaeleza namna ya kutekeleza hayo.

Sheria hiyo hairuhusu zabuni kuandikwa kwa jina la chapa fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachohitajika, na hata hapo lazima kifaa kinacholingana kikubaliwe. Hapo ndipo vipimo saba vilivyotajwa vinapokuwa na maana kubwa. Ombi linalosema tu "paipu ya greda" hufungua mlango wa kuletewa chochote cha bei ya chini. Ombi linalotaja kipenyo, urefu, pembe, joto na presha humwezesha kila muuzaji kushindana kwa kitu kilekile, na humpa mkaguzi wa kupokea bidhaa sababu ya kukirudisha kisichofaa.

Kusubiri nako kuna dawa yake ndani ya sheria. Kaunti inaweza kuingia mkataba wa mfumo, usiozidi miaka 3, na wauzaji kadhaa, ili vipuri vinavyojulikana kuchakaa viagizwe vinapohitajika bila kuanza zabuni upya. Paipu za hewa, vichujio, klipu na mikanda ni vitu ambavyo kila karakana inajua vitahitajika. Vikiwa stoo, greda hukaa gereji saa chache, si wiki.

Sheria pia inatenga asilimia 30 ya thamani ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Duka dogo la spea Voi, Mwatate au Taveta likisajiliwa linaweza kushindania kazi hiyo, mradi bidhaa zake zifikie viwango.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, paipu isiyo ya mtengenezaji wa mtambo ni bandia?

Hapana. Paipu mbadala iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake yenyewe ni halali, na nyingine ni nzuri sana. Bandia ni ile inayobeba nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza. Uuzaji wa bandia ni kosa chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na mamlaka iliyoundwa na sheria hiyo hupokea malalamiko. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, nalo hushughulikia ubora wa bidhaa zinazouzwa nchini. Mnunuzi adai risiti, kwa kuwa bila risiti malalamiko huwa magumu kufuatilia.

Je, paipu inaweza kuzibwa kwa tyubu ya baiskeli au gundi?

Upande wa kuvuta, hapana. Tyubu huteleza na kuacha nafasi isiyoonekana, na vumbi hupita. Upande wa presha, kiraka kinaweza kusaidia mtambo kuondoka mahali pa hatari hadi karakana, kwa mwendo wa polepole na bila mzigo. Hakifai kwa siku ya kazi.

Kichujio kipuliziwe kila siku?

La. Kukipuliza kwa presha kubwa hutoboa karatasi yake, na kila kinapotolewa vumbi huweza kuangukia ndani. Mitambo mingi ina kipimo kinachoonyesha kichujio kimeziba kiasi gani. Kipimo kikifika mstari mwekundu ndipo kichujio hubadilishwa, na paipu zote hukaguliwa wakati huohuo. Kipimo kisichosogea kwa miezi, katika eneo lenye vumbi, si habari njema: huenda hewa inapita kwenye ufa badala ya kupita kwenye kichujio.

Vijana wanaweza kupata kazi hapa?

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na mafunzo ya makanika ni sehemu ya kazi yake. Fundi aliyejifunza kazini bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kupata daraja linalotambulika. Mitambo ya barabara, machimbo ya mawe na uchimbaji wa vito na madini ya chuma vyote huhitaji watu wanaojua kusoma dalili hizi.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Mkazi anayeona mtambo wa kaunti ukitoa moshi mweusi mzito au ukipiga filimbi isiyo ya kawaida anaweza kumwarifu msimamizi wa wadi, akitaja mahali, siku na namba iliyoandikwa ubavuni mwa mtambo. Taarifa ya mapema huokoa fedha.

Wakati wa ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, wakazi wengi huomba mitambo mipya na wachache huuliza kuhusu matengenezo ya iliyopo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo ndipo maoni huwa na nguvu. Maswali matatu yanatosha: ni kiasi gani kimetengewa vipuri na huduma za mitambo, kila mtambo ulifanya kazi siku ngapi mwaka uliopita, na ulikaa gereji siku ngapi, kwa sababu gani. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba majibu hayo kwa maandishi.

Wenye malori na vikundi vinavyokodi mitambo nao wana la kufanya kabla ya kulipa. Mtambo uwashwe ukiwa baridi, boneti ifunguliwe, paipu ziangaliwe kwa tochi na kuminywa kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Mpira uliokauka hadi ukawa mgumu, uliolainika kama matope, au wenye mistari inayofunguka unapokunjwa, umefika mwisho wake. Ukaguzi huo huchukua dakika kumi, na hugundua mapema kasoro ambayo ikiachwa inaweza kusimamisha kazi ya msimu mzima.